Jina Moja Sikulitaja

Jumamosi ile kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba, jikoni kwangu Lewisville, Texas, tulikuwa saba. Mdogo wangu Mshai, muuguzi ninayeishi naye, aliyetoka zamu asubuhi akakataa kulala. Binti yake Zawadi, wa miaka kumi na miwili, akisukuma chapati zisizokuwa na umbo. Kitindamimba wetu Mwadime, aliyeendesha gari kutoka Stafford, kule Houston, na mbuzi mzima aliyekatwakatwa ndani ya maboksi ya barafu. Mama Kui, jirani wa ghorofa ya chini, ambaye haalikwi, hufika tu. Mama Neema, Mkongomani, ambaye nilikuwa nikimlelea mtoto akienda kazini. Neema mwenyewe, miezi minane, mgongoni kwangu amefungwa kwa leso. Na mimi, Wakesho, niliyekuwa nikikohoa.

Nimewataja wote hapa kwa sababu baadaye niliombwa niwataje, na sikuwataja wote. Watu wengi wameniuliza niliponaje. Kupona kwangu ni habari fupi: nilimeza vidonge kila siku kwa miezi sita. Ninayoyaandika ni yale mengine, kwa ajili ya mtu anayekohoa sasa hivi na kujiambia ni vumbi.

Kila mwaka tunapika chapati za Krismasi mapema, tunazipanga tukizitenganisha kwa karatasi, tunazitia kwenye friji la kugandisha, ili siku yenyewe tushughulike na pilau na wageni. Siku ile nilikuwa nimekanda unga wa chapati mia mbili. Kila nikiinama kukanda, kikohozi kilinikamata.

"Wakesho," Mama Kui akasema, "hicho kikohozi kimekaa sana. Kiambie kilipe kodi."

"Ni aleji."

"Aleji gani ya tangu Septemba? Na sketi je, nayo ina aleji? Naona umeifunga na pini."

"Everybody in Texas has allergies, Mama Mkubwa," Zawadi akanitetea, bila kuinua macho kwenye kibao.

Mshai hakucheka. Alinitazama jinsi anavyotazama wagonjwa wake. "Dada, utaenda kupimwa lini?"

"Baada ya Krismasi."

"Kila kitu chako ni baada ya Krismasi."

Mimi ndiye mkubwa. Mama yetu alikufa nikiwa darasa la saba, baba alikuwa ametangulia, na tangu siku hiyo sikurudi shule. Niliwalea hawa wawili kwa kuuza mboga na kufulia watu, hadi Mshai akafika Amerika, na mwishowe akanivuta na mimi. Mtu aliyelea wenzake hapendi kuulizwa atapimwa lini.

Lakini kuna jambo jingine, na ni lazima niliseme. Mama alikufa akikohoa. Majirani waliacha kunywa maji kwetu. Wengine walisema amelogwa, wengine walisema ana lile jingine, na kwenye mazishi watu walisimama mbali na kaburi kana kwamba kaburi nalo lingekohoa. Mimi nililiona lile nikiwa nimemshika Mwadime mkono. Kwa hiyo nilipotema damu kwenye sinki, Jumanne baada ya Thanksgiving, jambo la kwanza nililofanya ni kufungua bomba na kuangalia kama kuna mtu nyuma yangu.

Mshai alikuwa nyuma yangu.

Hospitalini nilikaa kwenye ukumbi wa kusubiri kama dakika kumi tu. Nilimjibu mwanamke wa mapokezi maswali matatu, akaniletea barakoa, kisha wakaja watu wawili wakanitoa pale mbele ya wote. Mwanamume mmoja alimvuta mtoto wake miguuni kwake. Wakaniweka katika chumba chenye milango miwili, mmoja haufunguki mpaka mwingine ufungwe. Nilikaa humo siku tano. Kila aliyeingia alikuwa amefunikwa mdomo na pua, nikawa nasoma macho. Macho hayasemi mengi, lakini mtu mwenye shaka huyasoma yote.

Kiingereza changu ni cha dukani. Daktari aliweka simu juu ya meza, ikatoka sauti ya mwanamume: "Shikamoo mama. Mimi ni mkalimani wako, na yote tutakayozungumza ni siri."

Nikajiuliza: Huyu ni wa wapi? Anasali wapi? Waswahili wa Texas ni wengi, lakini harusi moja tu inawakusanya wote. Aliponiambia kwamba ni kifua kikuu, sikufikiria kifo. Nilifikiria kwamba sasa kuna mtu anayejua Kiswahili ambaye anajua.

Mama Neema alinipigia siku hiyohiyo. Hakuwa na wa kumwachia mtoto, na binamu yake wa Sharpstown, Houston, alikuwa amemwambia ahamie kwake, kazi iko.

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nina nimonia. Baridi imeniingia kifuani."

"Pole sana, dada. Ukipona nitarudisha mtoto. Neema anakulilia."

Nimonia. Nilikwisha kuliandaa neno hilo kabla hajapiga.

Waliponiruhusu kurudi nyumbani, nilitakiwa kukaa chumbani peke yangu mpaka makohozi yapimwe na yawe safi. Mshai alikwisha kunihamishia chumba cha mwisho, dirisha wazi, Desemba ile. Nilivaa koti kitandani. Nje ya mlango palikuwa na kiti, na juu ya kiti sahani yangu, kikombe changu, kijiko changu. Mshai alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa sahani. Basi kwa nini sahani yangu ina alama ya wino mwekundu chini? Nilikaa na swali hilo siku tatu. Kumbe Zawadi ndiye aliyeitia alama, ili asisahau kuniletea ile isiyoteleza. Lakini hilo nililijua baadaye. Siku zile tatu nilikula kama mtu anayekula kwa adui.

Nilisikia nyumba ikiandaliwa bila mimi. Nilisikia mti wa Krismasi ukiburutwa, Zawadi akibishana na mama yake kuhusu taa, na harufu ya bizari ikipita chini ya mlango. Nilisikia Mshai akizungumza kwa simu akiwa bafuni, sauti ya chini, bomba wazi. Nikabandika sikio ukutani.

"...hapana, bado hajui... nitamwambia mimi..."

Nilipomwita, alikuja akasimama nje ya mlango.

"Unazungumza na nani habari zangu?"

"Na msimamizi wangu kazini, dada. Nimepimwa na mimi. Wamenizuia wiki hii mpaka majibu yatoke. Sikutaka ujue, utajilaumu."

"Unaona? Unanificha."

"Na wewe hukunificha damu?" Sauti yake ilipanda. "Mimi ni nesi! Watu wa kaunti nzima wananiuliza habari za vifua vyao, na dada yangu anafungua bomba ili nisisikie!"

Zawadi akaanza kulia mahali fulani sebuleni. Kisha Mshai akasema kwa sauti ya kawaida, "Umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

"Basi weka kikombe nje."

Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani, alikuja mwanamke wa ofisi ya afya ya kaunti. Nitamwita Bi Carmen. Alikuwa mfupi, mchangamfu, na mkoba wake ulikuwa na vidonge vyangu. Kazi yake ilikuwa kuja kila siku ya kazi na kusimama akiniangalia nikimeza. Siku ya kwanza nilichukia sana. Mwanamke mzima, niliyewalisha wenzangu kwa mkono huu, nafunguliwa mdomo kama mbuzi anayepewa dawa. Nilidhani ananishuku, na mimi nikamshuku.

Siku hiyo alitoa fomu. Akampigia mkalimani, na safari hii sauti ilikuwa ya mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo.

"Dada, anaomba majina ya watu wote wenye uliishi nao karibu, wenye ulipikia, wenye walikaa nyumba moja na wewe."

Sasa, siku ya kwanza Mama Neema kuniletea mtoto, alikuwa amenishika mkono mlangoni. "Dada, niko naomba kitu moja tu. Jina yangu isiandikwe fasi yoyote. Sijapata makaratasi." Nikamwahidi. Na hapa nilikuwa naombwa niliandike, kupitia mdomo wa Mkongomani mwenzake, kwa mtu wa serikali mwenye kitambulisho kifuani.

Nikataja. Mshai. Zawadi. Mwadime. Mama Kui. Nikataja hata watu wawili wa kanisani niliopanda nao gari.

"Ni wote?" mkalimani akauliza.

"Ni wote."

Bi Carmen alikuwa akitazama nyuma yangu, kwenye kamba ya dirishani. Soksi moja ya mtoto ilikuwa imebaki pale, ya rangi ya njano, ndogo kama kidole gumba. Akauliza kitu.

"Anauliza kama kuna mtoto hapa."

"Ni ya mgeni. Alipita tu."

Bi Carmen akanitazama kwa muda. Hakuandika kitu.

Jioni Mshai akaniuliza kupitia mlango: "Umemtaja Mama Neema? Mtoto ndiye wa kwanza wanayemtaka."

"Nimewataja wote."

Nimesema kweli tangu mwanzo wa maandishi haya, sitaacha hapa. Nilijiambia ninamlinda. Nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba yule mwanamke aliniaminia mtoto wake wa pekee, akaniita dada, na sikutaka ajue nilikuwa nimembeba mtoto huyo nikiwa na nini kifuani.

Dawa zilinibadilisha. Mkojo ulikuwa rangi ya Fanta, na jasho, na machozi pia. Foronya yangu ilikuwa na madoa ya chungwa kama mtu aliyelia karoti. Viungo viliuma. Chakula kilinuka chuma. Kila mwezi walinionyesha vitabu vya rangi ili waone kama macho yangu bado yanatofautisha nyekundu na kijani. Kama wewe umeanza dawa hizi na umeogopa ulipoona mkojo wako, usiogope. Itapita. Mimi hakuna aliyeniambia mapema, au niliambiwa na sikusikia kwa sababu nilikuwa nasoma macho.

Mama Kui alipopata majibu yake, alikuja akasimama chini ya dirisha langu na koti lake la manyoya. Vijidudu alikuwa navyo, lakini vimelala. Ilibidi anywe dawa miezi minne. Mimi nilitamani kujificha chini ya kitanda.

"Wakesho!" akapaza sauti, jengo zima likasikia. "Miaka yote nakuomba uniachie mapishi ya mahamri, unanyima. Hii ndiyo umeona unigawie?"

"Mama Kui, nisamehe."

"Nitakusamehe ukiacha kuvaa kama mlinzi. Toa kichwa nikuone." Nikatoa. Akanitazama sana. "Umeisha, mama. Nitakuletea supu. Na usiulize nimetia nini."

Kila Jumapili hadi nilipotoka, supu ilikuwepo kwenye kile kiti. Niliinusa kwanza kila mara. Sijui nilidhani ametia nini.

Krismasi ilipita nje ya mlango. Mwadime alikuja, tukazungumza kwa simu yeye akiwa sebuleni na mimi chumbani, hatua kumi. Zile chapati za Novemba hawakuzila. Mshai alisema zimeharibika kwa barafu. Najua hazikuharibika, nilizifunga mwenyewe. Hata leo hatujazungumza habari ya zile chapati.

Wiki ya pili ya Januari makohozi yalitoka safi mara ya tatu, nikaruhusiwa kutoka. Nilikaa kwenye kochi langu nikajiona mgeni. Ndipo Mwadime akanipigia simu kutoka Houston.

"Nilimpelekea Mama Neema sanduku lake alilokuwa ameliacha kwako," akasema. "Lakini dada, yule mtoto siyo yule. Ana uvimbe hapa shingoni, chini ya sikio, kama yai la kwale. Amekonda. Wamempaka mafuta ya kuku."

"Ana homa?"

"Mama yake anasema inakuja jioni. Hospitali anaogopa, anasema ataulizwa. Si watu wa kaunti walishamwona? Mshai alisema uliwataja wote."

Simu niliiweka chini polepole. Kisha nikampigia Mama Neema mwenyewe, kwa sababu nilijua nikianza na ofisi nitakuwa nimemsaliti mara mbili.

"Dada!" akafurahi. "Umepona nimonia?"

"Mama Neema, haikuwa nimonia."

Sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Ni kifua kikuu. Nilikuwa nacho nilipokuwa nikimbeba Neema. Huo uvimbe huenda ndio. Lazima apelekwe leo."

"Ulisema nimonia."

"Nilisema uongo."

"Ulisema, dada. Niliombea nimonia yako kanisani. Kila Jumapili niliiombea." Nikasikia mtoto akilalamika karibu na simu. Kisha simu ikakatwa, na nilipopiga tena haikupokelewa.

Sasa nilijua hofu. Damu kwenye sinki haikuwa hofu. Hofu ni kujua kwamba mtu aliyezoea kukimbia anaweza kufunga mzigo wake asubuhi hiyohiyo, akapotea na mtoto katika jimbo kubwa kama hili, na wewe ndiye uliyemkimbiza. Nikampigia Mwadime.

"Nenda Sharpstown. Usimguse, usimbembeleze, usiingie ndani. Kaa tu mahali ambapo atakuona akitoka."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka atoke."

Bi Carmen alifika saa yake ya kawaida na vidonge. Sikungoja mkalimani. Zawadi hakuwa shule siku hiyo, nikamwambia aketi kati yetu na atafsiri kila neno, hata yale ya aibu. Nikataja jina. Nikataja umri wa mtoto. Nikasema siku tano kwa wiki, mgongoni.

Zawadi alitafsiri huku uso wake ukibadilika. Mwishoni aliniuliza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiingereza siku zote: "Mama Mkubwa, kwa nini hukusema?"

"Mwambie Bi Carmen niliogopa fomu yake itapelekwa kwa watu wa uhamiaji."

Bi Carmen hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitoa fomu tupu mkobani akamkabidhi Zawadi, akamwambia anisomee yote. Jina. Simu. Umri. Mnakaa pamoja saa ngapi kwa wiki. Anakohoa? Ana watoto? Zawadi akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Basi," akasema. "Imeisha. There's nothing else."

Nilikuwa nimeishi na karatasi ile mwezi mzima kichwani, na sikuwahi kuomba nisomewe.

Sisemi woga wa Mama Neema ulikuwa wa kijinga. Anayejua kuogopa karatasi ana sababu zake, na nyakati zenyewe mnaziona. Nasema tu kwamba mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza, na niliona afadhali nishuku.

Mwadime alikaa kwenye ngazi za lile jengo la Sharpstown tangu saa nne asubuhi. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Ametoka na mabegi." Kisha, baada ya muda ambao nilitembea sebuleni mpaka Mshai akanikalisha kwa nguvu: "Amekaa ngazi ya juu yangu. Hatuongei." Kisha: "Ananiuliza kama nilipimwa." Kisha: "Tunaenda."

Bi Carmen alikuwa amekwisha kuzungumza na wenzake wa Houston. Walipofika kliniki palikuwa na mtu anayewangoja mlangoni kwa jina la mtoto tu. Hakuna aliyemuuliza Mama Neema lolote zaidi ya yale Zawadi aliyonisomea.

Neema alikuwa nacho. Walimlaza wiki mbili na nusu. Wakakata kidogo pale shingoni wapime. Alitiwa mpira puani, akafungwa mikono kwa bendeji ili asiuvute. Hayo niliambiwa na Mwadime, aliyekwenda kila alipotoka kazini, kwa sababu mimi sikutakiwa. Mama yake naye alikuwa na vijidudu vilivyolala. Wote wawili walimeza dawa mbele ya mtu, kila siku, kama mimi. Nilipokuwa nafungua mdomo mbele ya Bi Carmen asubuhi, nilijua kwamba kule Houston mtoto anafunguliwa wake, na dawa ile inachefua hata mtu mzima.

Mimi nilimaliza Juni, joto likiwa limekwisha kukaza. Bi Carmen aliniletea keki ndogo ya dukani, akanikumbatia mlangoni. Wao walimaliza mwezi wa nane. Mwezi wa tisa nilimwomba Mwadime amuulize Mama Neema kama ninaweza kuja. Jibu lilichukua wiki tatu: aje mara moja tu.

Mimi na Mshai tuliendesha gari kwa saa nne. Mama Neema hakunikaribisha kitini, lakini hakunifungia mlango. Neema alikuwa akitembea akishika ukuta, amenenepa, hanikumbuki. Chini ya sikio kulikuwa na kovu, mstari mfupi unaong'aa.

Nilipiga magoti. Aliniinua kwa mkono mmoja, bila upole.

"Usinipigie magoti, mimi si Mungu. Hujanikosea mimi tu." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Huyu siku moja atauliza hii kitu kwa shingo yake ni nini. Mimi sitamdanganya. Sitamwambia pia. Nitakuita. Utakuja, utakaa mbele yake, utasema yote, na nimonia yako pia. Ile ndiyo utanilipa."

"Nitakuja."

"Utakuja," akasema, kama mtu anayeandika. Kisha akaniletea maji, akasimama akiniangalia nikiyanywa.

Sijaitwa bado. Neema ana miaka miwili na nusu. Juzi Mwadime aliniambia kwamba siku hizi kila anachokigusa, mlango, kijiko, kiatu cha mtu, anauliza, "Hii nini?" Shingo yake bado hajaigusa.